Bahari Katika Chumba cha Ndama

Dereva wa bodaboda aliyenipakia stendi ya Mbulu alisimama mara mbili njiani kuuliza kama kuna kitu kimekufa ndani ya gunia langu. Mara ya kwanza nilimwambia ni mwani, majani ya baharini. Mara ya pili nililifungua aone mwenyewe: mwani mkavu wa rangi ya zambarau, vifuu vya nazi, makombe, vipande vya mti vilivyolainishwa na maji mpaka vikawa vyeupe kama mfupa, na mfuko wa kilo kumi za mchanga.

"Sasa huu mzigo ni wa nani?"

"Wa mdogo wangu. Anaolewa."

Aliliangalia gunia, akaniangalia mimi, akawasha pikipiki. "Muongezee na maharage," alisema.

Nilicheka mpaka kijijini kwetu Maretadu. Wiki hiyo ningecheka na mtu yeyote. Ilikuwa Desemba, mvua za vuli zilikuwa hazijaisha, mahindi yalikuwa yamefika magotini, na mimi nilikuwa narudi nyumbani na bahari mgongoni.

Niliacha shule kidato cha pili. Watu hudhani ilikuwa karo, na mimi huwaacha wadhani hivyo, lakini ukweli ni kwamba sikuweza kukaa. Mwalimu akisema mto fulani unaingia ziwa fulani, mimi nilitaka kwenda kuona unavyoingia. Tangu hapo nimefyatua matofali, nimechunga ng'ombe wa watu, nimekuwa utingo, nimeuza betri za redio. Mwaka huo nilianzia Babati, kisha nikapata kazi ya kupakia vitunguu saumu kwenye lori linalokwenda Tanga. Tulipofika na kushusha mzigo, nilimwomba dereva nusu saa tu nikaione bahari. Nusu saa ile ikawa miezi saba.

Nilikaa kwa mama mmoja mkulima wa mwani, kijiji cha kusini mwa Tanga. Maji yakishaondoka tulikwenda kufunga miche ya mwani kwenye kamba, mimi nikiwa na suruali iliyokunjwa na yeye akicheka ninavyotembea. "Unanyanyua miguu kama unaruka matope ya kwenu," aliniambia. Saa ambazo bahari ilikuwa imejaa, alikaa barazani akitengeneza picha: samaki wa makombe, kasa wa vifuu, mitumbwi ya makumbi ya nazi. Aliwauzia wageni waliopita. Mimi nilijifunza kwa kumtazama kwanza, halafu kwa kuharibu. Kanuni zake zilikuwa mbili. Ya kwanza: kiumbe hai usikiguse, okota kilichotupwa, bahari ikishatupa, imekupa. Ya pili: kabla ya kubandika chochote, kiloweke kwenye maji ya kisima siku mbili au tatu mpaka chumvi itoke.

Ile ya kwanza niliifuata. Ya pili niliidharau, na sababu yangu niliiona nzuri. Nilitaka mdogo wangu aipate na harufu.

Maana ni yeye aliyeniagiza. Alipokuwa darasa la nne waliambiwa wachore bahari. Akachora bwawa la kunyweshea ng'ombe, na ng'ombe wawili pembeni. Darasa zima lilimcheka. Mimi ndiyo kwanza nilikuwa nimeacha shule, nafunga kamba za begi langu la kwanza, akaja akasimama mlangoni. "Kaka, ukifika baharini uniletee." Nikasema nitamletea. Sasa mtu huyo alikuwa na miaka ishirini na mbili, ameposwa na kijana wa Endasak, na sendofu yake, sherehe ya kumuaga kwao, ilikuwa Jumamosi ya wiki inayofuata.

Hapa lazima nieleze jambo moja. Kwenye sendofu za kwetu, mshereheshaji huwaita ndugu wa bibi harusi mmoja mmoja. Unasimama mbele ya koo mbili na zawadi yako mkononi, unaitaja, unaikabidhi. Dada yetu mkubwa alipoagwa, miaka mitano iliyopita, mimi nilifika siku ileile nikitokea njiani, mikono mitupu. Jina langu likaitwa. Nikasimama. Nikakaa. Watu walicheka kidogo tu, cheko la kumaliza aibu. Baba hakucheka. Aliangalia chini ya viatu vyake mpaka aliyefuata alipoitwa, na mimi sijawahi kuzisahau zile kamba za viatu vyake. Safari hii nilikuwa nimeapa kusimama na kitu.

Nilimkuta baba shambani, anapalilia.

"Shikamoo baba."

"Marahaba." Hakuacha jembe. Nyumbani tunaongea Kiiraqw, kwa hiyo maneno yake hapa nimeyageuza, lakini yalikuwa mafupi hivihivi. "Umetoka wapi?"

"Baharini."

"Bahari ya Babati?"

"Ya Tanga, baba."

"Mtu wetu alikuona Babati. Ulikuwa unauza betri."

"Ilikuwa Machi. Baadaye nilishuka Tanga."

"Sawa," alisema, kwa ile sauti anayotumia kwa mtu anayemuuzia ng'ombe mzee na kudai ni mchanga. "Na Jumamosi ya sendofu utasimama na nini?"

"Na bahari."

Akachomeka jembe ardhini, akalifikiria neno hilo kidogo, akarudi kupalilia.

Mama alinipokea tofauti. Alifungua gunia, akanusa, akarudisha kichwa nyuma, akanusa tena. "Inanuka kama kitu cha kula," alisema. Akaniuliza kama nimeviosha. Nikasema hapana, makusudi. Hakuuliza zaidi. Mama yangu huamini kwamba mtu akisema makusudi, anajua.

Seremala wa pale senta alinikatia plaiwudi ya ukubwa wa nusu mlango na kuizungushia ukingo wa mbao. Kesho yake asubuhi nilianza. Sijui kama nimewahi kuwa na furaha ya namna ile. Nilikaa uani juu ya kigoda, nimezungukwa na vitu vyangu, na kila nilichoshika kilinirudisha mahali nilipokiokota. Kombe hili, asubuhi ile niliyokanyaga jiwe. Mti huu, siku nilipotembea mpaka mdomo wa mto na kurudi gizani kwa sababu tu nilitaka kujua maji matamu yanaishia wapi. Kuku walipita katikati. Nilisahau kula. Nilichanganya mchanga na gundi ya mbao nikaumwaga, nikapanga vijiti vyeupe kwa mistari kuwa mawimbi, nikabandika mwani katikati yake, na makombe chini kama ufuko.

Baba alipita jioni na jembe begani. Alisimama nyuma yangu kwa muda.

"Umelima vizuri," alisema. "Ila matuta yako yanafuata mteremko. Mvua ikija inabeba udongo wote."

"Ni mawimbi, baba."

"Bahari si ya bluu?"

"Ya bluu ni ukiwa mbali."

"Ndiyo," alisema. "Ukiwa mbali, mambo mengi ni ya bluu." Akaenda kunawa.

Mdogo wangu aliyaona mawimbi yale akasema ni mazuri, lakini alisema haraka mno. Alichopenda kweli ilikuwa harufu. Alipiga magoti, akaweka pua karibu na mwani, akafunga macho. "Kwa hiyo huko ndiko kunakonukia hivi, kila siku?" Nikasema kila siku. "Hata usiku?" Hata usiku.

Mama aliona afadhali alete mtu anayejua. Pale zahanati yetu kuna muuguzi mmoja, dada wa Tanga, aliyeletwa kikazi mwaka wa tatu sasa; huvaa masweta mawili na bado hulalamika. Alikuja Jumapili mchana. Alipofika mlango wa uani alisimama ghafla kama aliyeitwa.

"Nani ana mwani humu?"

Nikamwonyesha. Alizunguka picha yangu mara mbili, mikono nyuma, kama mkaguzi.

"Harufu umeipata, kaka. Nimesikia nyumbani kabisa. Lakini haya mawimbi," akanyoosha kidole, "mbona yamepanga mstari? Yanasubiri kuimba wimbo wa taifa?"

Mdogo wangu aliingia ndani ili acheke vizuri.

"Nifanyeje basi?"

"Sijui. Mimi nachoma sindano. Najua tu kwamba bahari haikai hivi."

Alisema kweli, na jambo la ajabu ni kwamba sikuumia. Nilijiona kama mtu aliyeambiwa kuna mto mwingine nyuma ya kilima. Jumatatu na Jumanne nilijaribu mawimbi ya vifuu, ya makumbi, ya mchanga wa rangi mbili. Yote yalikuwa mstarini. Jumatano asubuhi nilibandua kila kitu, nikamwaga mchanga mpya na gundi nene juu ya ubao wote, nikaulaza mwani pembeni ukizunguka kama fremu, na kijiti kimoja cheupe kwenye kona, nikaweka ubao juani juu ya mawe mawili. Gundi ilikuwa imeisha. Nikadandia pikipiki kwenda Mbulu kununua nyingine na vanishi. Zilibaki siku tatu.

Mjini nilizunguka duka hadi duka. Nilipokuwa namlipa muuza rangi, mvua ilianza kugonga mabati. Nikarudi chini ya mvua hiyohiyo, nimekumbatia kopo, nikimwambia dereva aongeze mwendo na yeye akiniambia nishuke nisukume.

Mama alikuwa mlangoni, ametulia, ananisubiri kwa fahari.

"Usihangaike," alisema. "Niliiwahi kabla ya tone la kwanza. Nimeiweka mahali pakavu kuliko pote."

Nyumbani kwetu, kama nyumba nyingi za huku, mahali pakavu na penye joto kuliko pote ni chumba cha ndama. Wazee walilala na mifugo chini ya paa moja, na hata sasa tukiwa na bati na sementi, ndama na mbuzi wachanga wanalala ndani, nyuma ya ukuta wa jikoni. Kitu cha thamani kikitishiwa na mvua, iwe mbegu, iwe godoro, mama hukipeleka huko. Asingeweza kufanya heshima kubwa zaidi kwa kazi yangu.

Huko pwani sikuona ndama akilala ndani. Na yule mama wa mwani, aliponiambia nitoe chumvi, alikuwa anafikiria unyevu na ukungu. Hakuna aliyefikiria kwamba baba alikuwa hajakwenda Hanang kuchukua magadi ya Ziwa Balangida kwa ajili ya mifugo, kwa sababu ya shughuli za sendofu, na kwamba ng'ombe wetu wote walikuwa wamekaa wiki tatu bila kulamba chumvi.

Nilisikia kabla sijaona. Ilikuwa sauti ya msasa juu ya mbao, taratibu, bila haraka.

Ndama wetu jike, mwekundu mwenye paji jeupe, alikuwa amesimama juu ya ubao wangu anaulamba. Mwani ulikuwa umekwisha. Wote. Fremu nzima ya mwani niliyoibeba kutoka Tanga. Kile kijiti cheupe kilikuwa kimelambwa kikang'aa. Alininyanyulia uso, mchanga puani, akaendelea na kazi.

Sikupiga kelele. Nilikaa chini kwenye majani. Nilichokiona pale si ubao, ni zile kamba za viatu vya baba.

Mama alikuja, akaelewa, akafunika mdomo. Halafu mdogo wangu. Halafu baba, kwa sababu ya ukimya.

"Amekula nini?"

"Mwani, baba. Na mchanga kidogo. Na gundi."

"Akivimba tumbo utamweleza mwenyewe." Akamtoa ndama, akambonyeza ubavuni, akasikiliza, akamfungua mdomo. Kisha akainama akaokota kile kijiti cheupe kilicholambwa. Alikigeuza. Akakigusa kwa ncha ya ulimi.

Akakigusa tena, upande ambao ndama hakuufikia.

"Haya si magadi ya Balangida," alisema.

"Hapana."

"Magadi yanauma. Hii haiumi, inakuja polepole." Akaniangalia kwa mara ya kwanza tangu nifike, uso mzima. "Kumbe ulifika."

"Nilifika, baba."

"Mtu unaweza kunidanganya. Ndama huwezi kumdanganya na kitu cha dukani." Akakitia kile kijiti mfuko wa shati, akatoka na ndama wake kumtazama kama atacheua.

Tulibaki watatu. Mdogo wangu akasema tuutoe ubao nje, mvua imekatika, angalau tuone kilichobaki. Tukaubeba, tukauegemeza ukutani uani. Jua la jioni lilikuwa linapita chini ya mawingu, likaupiga kwa ubavu.

Nikaona.

Ulimi wa ndama ni mkali kama tupa. Ulikuwa umepita juu ya mchanga ambao gundi yake ilikuwa haijakauka, mara mia, mara elfu, na kila ulipopita uliacha mkunjo mdogo, ukingo na bonde, ukingo na bonde, mikunjo ikipinda pamoja, ikikutana, ikiachana, hakuna miwili inayofanana na hakuna hata mmoja ulio mstarini. Niliujua mchanga huo. Nilikuwa nimetembea juu yake miezi saba nikienda kufunga mwani. Ni sakafu ya bahari maji yanapokuwa yamekupwa, yameondoka yakaacha alama za mwendo wake. Nilikuwa nimejaribu kutengeneza maji siku zote hizo, wakati mimi mwenyewe sikuwahi kukaa majini. Nilikaa hapo, mahali maji yalipotoka.

"Usiguse," nilimwambia mdogo wangu, ingawa hakuwa amegusa. "Asiguse mtu."

Nilikimbia mpaka zahanati. Muuguzi alikuwa anafunga mlango, akaja na koti lake la kazi, ananiuliza nani anaumwa. Nilimsimamisha mbele ya ubao bila kumweleza. Halafu, sijui kama alijua anachofanya, akainua gauni lake kidogo kwa mkono mmoja, kama mtu anayeogopa kulowa.

"Maji yamekupwa," alisema. "Nani amekufundisha hii?"

"Ndama."

Alidhani namtania. Mama ndiye aliyemweleza, na yule dada alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akafuta macho na hakuwa anacheka tena.

Siku mbili zilizobaki nilifanya kazi ndogo sana. Niliosha makombe yaliyobaki, safari hii kwenye ndoo tatu za maji ya kisima. Niliweka matano tu, yakiwa mbali mbali, kama yanavyoachwa. Niliweka kamba moja ya makumbi ikipita kwenye kona, ile tuliyofungia miche. Nilifunika kwa vanishi nyembamba. Ubao ulikauka kando ya moto jikoni, na mdogo wangu, bibi harusi wa kesho kutwa, aliulinda akiwa na fimbo mkononi kila ndama alipolia upande wa pili wa ukuta. Ndama hakuvimba. Alikula kama kawaida, na aliangalia mlango wa jikoni kwa mapenzi.

Jumamosi jina langu likaitwa. Nikasimama, nikauinua ubao kwa mikono miwili, nikautembeza mbele ya meza ya wageni wa Endasak.

"Hii ni bahari," nilisema, "maji yakiwa yameondoka. Mdogo wangu aliniagiza akiwa darasa la nne."

Wageni wakatazamana kwa adabu. Mzee mmoja wa upande wa bwana harusi akanyoosha shingo. "Yameondoka kwenda wapi?"

Kabla sijajibu, baba akasimama. Hakuwa ameitwa, zamu yake ilikuwa ya mwisho.

"Ndama ameyanywa," alisema. "Ndama wangu. Nilimwona mwenyewe. Na huyu kijana alikwenda huko kwa miguu yake akaileta, nimeionja." Akatoa kile kijiti mfukoni akamkabidhi yule mzee, na yule mzee, mbele ya koo mbili na mpiga picha, akakionja, akampa jirani yake. Kijiti kilizunguka meza nzima. Mshereheshaji aliweka kipaza sauti chini. Mdogo wangu alikuwa ameukumbatia ubao kwa namna ambayo mama alianza kumuonyesha kwa ishara asiharibu gauni.

Zamu ya baba ilipofika, alimtoa yule ndama mwekundu kuwa zawadi yake. "Waende pamoja," alisema. "Asikae mbali na bahari yake."

Mwezi wa kwanza niliteremka mpaka Endasak kuwasaidia kuutundika. Tuliupigilia juu sana, karibu na dari, kwa sababu zizini kwao kuna ng'ombe wanne na mmoja anajua ladha yake. Mama mkwe alileta kigoda, akapanda, akapitisha kidole kwenye mikunjo ya mchanga, akakilamba.

"Imekwisha," alisema, kwa masikitiko. "Umeifunika chumvi kwa vanishi."

Nilirudi Maretadu jioni kuchukua begi langu. Baba alikuwa ameketi nje, kile kijiti kimerudi kwake, amekichomeka kwenye bati juu ya mlango. Aliniuliza kama lori la vitunguu saumu bado linakwenda Tanga. Nikasema Jumanne. Akaangalia mahindi yake, yaliyokuwa yameshapaliliwa mara ya pili.

"Na dereva," alisema, "anachukua wazee?"